Nimepiga ukulele na kikundi cha mtaani Sheffield nikiwa matembezini. Mwenye safari na ala apite hapa

Mwalimu wa Chumbageni

Salaam wanajamvi.

Kila anayerudi kutoka Ulaya humu jukwaani hutuletea picha za madaraja, viwanja vya mpira na bei za makoti. Mimi nimetoka kumtembelea dada yangu, nesi huko Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na naomba niwasimulie kitu kingine: jioni nilizokaa na kikundi cha ukulele cha mtaani kwake. Naandika kwa yeyote anayepiga chochote, hata kama ni kodi tatu za gitaa (chords, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) alizojifunza kwa jirani, na ana safari mbele yake.

Kwa asiyeijua, ukulele ni kigitaa cha nyuzi nne za nailoni. Ile ndogo, soprano, ina urefu wa inchi 21 hivi. Inaingia kwenye begi la mgongoni, shingo ikachungulia nje. Mimi nafundisha darasa la pili na naitumia kuwaimbisha watoto. Shule yetu iliachiwa moja na mwalimu wa kujitolea, wenzangu wakaiogopa, nikaichukua. Muziki sijausomea. Nasema mapema msije mkadhani haya ni mambo ya mafundi.

Tangazo dada aliliona maktaba ya mtaa: kila wiki, jioni, ghorofa ya juu ya baa fulani, wanaoanza mnakaribishwa, ala za kuazima zipo. Nikawaandikia ujumbe mfupi kwamba mimi ni mgeni, nipo kwa muda, napiga kidogo. Jibu likaja saa ile ile: njoo, kaa popote. Hii ya kuandika kabla msiidharau. Vikundi hivi vina siku za kwenda kupiga nyumba za wazee au kwenye harambee za hisani, na siku hiyo chumbani hakuna mtu. Kupanda vilima vya Sheffield usiku wa baridi ukakuta mlango umefungwa si jambo la kumtakia mtu.

Chumba chenyewe: viti nusu duara, stendi zile za kukunja, na juu ya kila stendi faili nene la pete. Ndani ni nyimbo tu, maneno yamechapwa makubwa, herufi za kodi juu yake, na pembeni vijichoro vya kuonyesha vidole vikae wapi. Nota za kusoma hakuna. Kiongozi anataja ukurasa, watu wanapekua, anahesabu hadi nne, chumba kizima kinaanza. Wimbo ukiisha hakuna makofi wala hotuba, ukurasa mwingine. Wengi ni wastaafu: dereva wa basi, mhasibu, walimu wenzangu wawili watatu, na kijana mmoja mmoja. Mama aliyekaa kando yangu, rika la mama yangu mzazi, hakuniuliza natoka wapi mpaka mapumziko. Kazi yake ilikuwa kuniwekea kidole kwenye mstari kila nilipopotea.

Na kupotea utapotea. Nyimbo wamekua nazo, wewe unazisikia leo. Dawa ni hii: mkono wa kushoto uulaze juu ya nyuzi bila kukandamiza, wa kulia uendelee kucharaza. Unatoka mlio mkavu, chaka-chaka, kodi haisikiki lakini mapigo unayo. Umekuwa ngoma. Kiitikio kikirudi, unaingia na wenzako. Nusu ya jioni ya kwanza nilikuwa ngoma na hakuna aliyegundua, au waligundua wakanisitiri.

Kodi zenyewe zina huruma. C ni kidole kimoja, chuma cha tatu (vile vyuma vya kukingama shingoni), uzi wa mwisho. Am nayo ni kidole kimoja. Ongeza cha pili, umepata F. Tia na G7, faili lile unalimaliza sehemu kubwa. Adui ni E. Ukitajwa ukurasa wenye E chumba chote kinaguna kabla hata hawajaufungua, na kuna mzee mmoja mstari wa mbele anainua mikono kabisa, anapumzika mpaka ipite.

Mzee huyo huyo anapiga banjolele, yaani ukulele yenye tumbo la banjo, ngozi badala ya ubao, na kelele yake inafika barabarani. Hiyo ndiyo ala ya George Formby, mchekeshaji na mwimbaji aliyezaliwa Wigan mwaka 1904, nyota mkubwa wa sinema wa Uingereza enzi za vita. Wazee wa kule wakianza habari za Formby, agiza chai nyingine. Ila hii moja niliipenda. Mwaka 1946 Formby na mkewe Beryl walikwenda kufanya ziara Afrika Kusini wakakataa kupiga kwenye kumbi za ubaguzi. Mtoto wa kike Mwafrika akampelekea Beryl boksi la chokoleti, Beryl akambeba akambusu, George naye vilevile. Daniel Malan, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1948 na kuleta ubaguzi wa kisheria, akapiga simu kulalamika. Jibu alilopewa na Beryl nikiliandika hapa, mjadala huu utafungwa.

Mapumziko yakiisha, kiongozi akanijia kwa upole: wiki ijayo ungetufundisha kitu cha Kiafrika? Ngoma tunaweza kutafuta. Nikamwambia niacheni kwanza niyajue yenu.

Kilichofuata nitakieleza baadaye, nina madaftari ya kusahihisha.

---

Kijogoo wa Buguruni

Mwalimu, bila kukuvunjia heshima, hiyo si ndiyo ile midoli ya plastiki inauzwa Kariakoo, ina katuni usoni? Nauli yote ile ukakae na wazee mnaimba kama chekechea! Kutoka Sheffield hadi Old Trafford si treni tu?

Mwalimu wa Chumbageni

Old Trafford nilikwenda, mdogo wangu. Siku hiyo hapakuwa na mechi. Nikapiga picha nje kama kila mtu, nikanunua soda ya bei ya kutisha, nikarudi. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kama nimekuja au nimeondoka. Kule juu ya baa nilipokosa wiki moja kwa mafua, walimtumia dada ujumbe kuuliza hali yangu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

---

Binti Kisauni

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni wa Mombasa, nasafiri hivi karibuni inshallah kwenda kwa mume wangu Leicester. Nimeipenda hadithi lakini nimekwama kwenye hiyo baa. Mimi na buibui langu naingiaje mlango huo? Na watu watasema nini?

Mwalimu wa Chumbageni

Waalaykum salaam warahmatullah, mdogo wangu. Mimi pia ni Muislamu, mtandio wangu kichwani, na hilo lilinikalisha kabla sijakubali. Dada alikataa katakata kupanda. Alikuwa akinishusha mlangoni na kunifuata mwishoni. Sitakwambia ufanye nilivyofanya mimi.

Nilichokiona ni hiki. Baa nyingi za kule zina chumba cha juu au cha nyuma ambacho vikundi hupewa, mara nyingi bure, kwa sababu wapigaji watanunua vinywaji. Kuna wanaokunywa bia na kuna wanaokunywa chai na maji ya ndimu, na chai yako haimshangazi mtu. Jambo la kulijua mapema ni desturi ya kununuliana kwa zamu: mmoja ananunulia meza nzima, kisha mwingine, kisha mwingine. Ukikubali ya mwenzako, zamu yako inakuja na utajikuta unalipia pombe za watu. Sema tangu mwanzo kwa tabasamu kwamba wewe unajinunulia mwenyewe. Hakuna anayenuna.

Ila si lazima baa. Vikundi vingine hukutana maktaba, vingine kumbi za jamii, vingine kumbi za kanisa kwa chai na biskuti. Uliza hilo kwenye ujumbe wako wa kwanza. Jingine usishtuke: Sheffield mzee wa miaka 70 anakuita "mpenzi", kondakta anakuita "mpenzi", muuza samaki naye. Ni mazoea yao tu. Leicester sijui wanaitana nani.

---

Mzalia wa Malindi, Muscat

Shikamoo Mwalimu. Swali la nje kidogo. Nasikia hii ala ilipelekwa Hawaii na Wareno. Wareno si ndio waliokaa pwani yetu? Sasa gambusi, ile ala ya nyuzi ya Unguja na Ngazija, si ndugu yake? Maana hata umbo, kama wanafanana.

Fundi wa Shangani

Hapana ndugu yangu. Gambusi asili yake Yemen, wenyewe wanaliita qanbus. Lilikuja na majahazi mpaka Lamu, Unguja na visiwa vya Ngazija. Wengine pwani wanaliita kibangala. Tumbo na shingo vinachongwa kwenye gogo moja na usoni linawambwa ngozi. Marhumu babu yangu alikuwa nalo, na ukilipiga karibu na mvua ngozi inalegea sauti inazama.

Ukulele ukoo wake ni machete, kigitaa cha Madeira, kisiwa cha Wareno. Tarehe 23 Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu na wahamiaji wa Madeira waliokwenda kufanya kazi mashamba ya miwa. Ndani yake walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Mkataba wa shamba ulipokwisha wakarudi kwenye useremala, wakaunda vigitaa kwa mbao za koa, mti wa huko huko Hawaii. Mfalme Kalākaua akaipenda, ikaingia ikulu. Maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915 ndiyo yaliyoisambaza Marekani nzima. Wareno wa Fort Jesus walitolewa mwaka 1698, karibu miaka 180 kabla ya meli hiyo. Kwa hiyo udugu hapo hakuna, ni ujirani wa sura tu.

Mzalia wa Malindi, Muscat

Ahsante sana Fundi. Mzee wangu atakasirika, amekuwa akinisimulia kinyume tangu utotoni.

---

Mbeba Boksi wa Halifax

Mwalimu umesema nota hazisomwi. Karibu Kanada uone! Nipo Halifax, Nova Scotia. Hapa mtu mmoja, J. Chalmers Doane, alisimamia muziki kwenye shule za mji huu tangu mwaka 1967. Akaona kufundisha muziki darasani kunahitaji ala ya bei nafuu ambayo mtoto anaweza kuipiga huku anaimba, akachagua ukulele, tena akabuni ya pembetatu ili iwe rahisi kuundwa. Mfumo wake ukaenea nchi nzima. Matokeo yake ukiingia kikundi cha hapa unakuta mama wa miaka 60 anasoma nota kama anasoma gazeti, anapiga wimbo wenyewe kwa vidole huku wenzake wanamjibu sauti ya pili.

Kitu kingine, na hiki mwenye safari akiandike. Dunia nzima ukulele inatyuniwa G-C-E-A, ndiyo majina ya sauti za nyuzi zake nne. Shule za Kanada zilifundishwa A-D-F#-B, hatua moja juu. Ukija na yako ya Tanga ukakaa nao, kila kodi yako itagombana na yao, na utadhani tatizo ni vidole. Usihangaike kukaza nyuzi zote. Beba kapo, ile klipu ya kubana shingo, ifunge chuma cha pili. Mara moja uko sawa nao.

---

Mwana Lubum

Mwalimu, jambo sana. Hapa Lubumbashi. Mimi hiyo ya "kitu cha Kiafrika, ngoma tutatafuta" imenichoma. Ungebeba begi lako ukatoka! Sisi gitaa tulilifanya la kwetu zamani sana. Mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke alirekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyekusanya muziki wa Afrika, kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, anapiga kwa kidole gumba na cha shahada peke yake, na wazungu wenye magitaa yao mpaka leo wanahangaika kumwiga. Rumba imeingizwa orodha ya UNESCO mwaka 2021. Halafu mtu akuambie akutafutie ngoma?

Mtaa wa Saba

Bro wa Lubum, punguza moto. Mtu amekukaribisha kwake, amekupa kiti, amekuazima faili, amekuuliza kwa roho safi. Wewe ukienda ushago kwa wenyeji wa mlimani hauwaombi wakuimbie za kwao? Mimi ningewapa ngoma mpaka wachoke. Wakenya tumekulia kucheza mambo ya hoteli za Diani, kamba na manyoya, na karo ya shule imelipwa.

Mwana Lubum

Ni hayo ya hoteli nayakataa, ndugu. Hoteli ni kazi, wanakulipa. Kikundi ni watu wamekaa sawasawa, kila mtu na nyuzi zake nne. Ukikubali ngoma hapo, wewe si mwenzao tena, umekuwa burudani ya jioni.

Kijogoo wa Buguruni

Naona Mwalimu katupa mfupa, kaenda kusahihisha madaftari.

---

Mwalimu wa Chumbageni

Nimemaliza. Mwana Lubum na Mtaa wa Saba, mmepigana vita yangu vizuri, asanteni.

Sikukasirika, na ngoma sikupiga. Yule bwana hana ubaya, ila Afrika hakuna anayetoka kwenye Afrika yote. Mimi ni wa Tanga. Sebuleni kwetu hapakuwa na ngoma, palikuwa na redio. Baba alikuwa mtu wa Jamhuri Jazz, jirani yetu wa Atomic Jazz, na hao wawili walikuwa kama Simba na Yanga, msibani wanakaa mikeka tofauti. Mama na shoga zake walikuwa na taarabu yao, Black Star na Lucky Star. Huo ndio urithi nilionao, basi nikapeleka huo.

Nilisubiri. Wiki ya kwanza na iliyofuata nilipiga za kwao tu, nikazoea nani anaharakisha na nani anachelewa. Kisha nikachapa ukurasa mmoja kwa mtindo wa faili lao: wimbo wa dansi la zamani, C, F na G7, maneno ya Kiswahili makubwa. Nikagawa. Kuimba hakukuwasumbua, walisoma kama kilivyoandikwa wakaenda.

Kilichosumbua ni mkono. Wale watu wana mkono mmoja kwa nyimbo zote: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Wakautia huo huo kwenye dansi letu, likafa pale pale. Lilitoka kama wimbo wa kambi ya skauti. Hapo ndipo nikaomba ruhusa ya kuwagawa.

Walio wengi niliwapa rithim: wanagonga pigo la pili na la nne tu, na wakishagonga wanazima nyuzi kwa kiganja, ikate. Wachache wenye vidole vyepesi niliwapa kifungu kifupi cha noti kwenye nyuzi mbili za mwisho, kinazunguka, kinazunguka, hakisimami. Watatu wenye baritone, ile kubwa yenye sauti ya gitaa, wakawa besi. Nikawaambia wa kifungu wasiwasikilize wa rithim, na wa rithim wasiwafuate wa kifungu, kila mtu akae kwenye mstari wake. Ilichukua muda, kulikuwa na kucheka kwingi, na yule mama mhasibu akasema amesahau anaitwa nani.

Halafu ikakaa. Wapiga gitaa mtanielewa: uzi wa juu wa ukulele, ule wa G, haushuki chini kama besi la gitaa. Umepandishwa karibu na A. Kwa hiyo sauti zote nne zinaishi mtaa mmoja, hakuna ya chini kabisa wala ya mbali. Mkipiga mistari miwili inayopishana, inaingiana mpaka hujui hii noti kapiga nani. Ni ile raha ya solo na rithim zinapojibizana, ila imekuwa ndogo na nyepesi, inameta. Sikuwa nimeitegemea. Nyumbani napiga peke yangu mbele ya watoto, sauti hiyo huipati ukiwa mmoja.

Mzee wa banjolele nilimhofia kuliko wote, nikajua atatuzamisha kwa kelele. Ndiye aliyeshika wa kwanza. Mtindo wa Formby una mkato wake, wanagawa pigo katikati ya nyuzi kwa kifundo cha mkono, kwa hiyo mapigo ya kuchelewa na kuwahi yalikwisha kuwa mkononi mwake. Akatabasamu hivi, akaendelea peke yake hata tuliposimama.

Jirani yangu akauliza maneno yanasemaje. Nikamwambia jamaa analalamika ameachwa. Akasema nusu ya faili letu ni hilo hilo. Ukurasa wangu ukatobolewa, ukatiwa kwenye faili, tukaendelea na wimbo mwingine.

Kwa hiyo Mtaa wa Saba, nilitoa. Na wewe Mwana Lubum, sikutoa alichoomba. Mgeni akae kwanza kwenye kiti cha nyuma, apige za wenyeji, halafu alete chake kwa jina la kwao. Ukianza na chako siku ya kwanza, watakupigia makofi, na baada ya makofi hakuna mtu atakayekuwekea kidole kwenye mstari.

Mwana Lubum

Mwalimu, hapo nimenyamaza. Kile kifungu cha kuzunguka sisi tungekiita mi-solo, gitaa la katikati ya solo na rithim. Umewapa wazee wa Sheffield mi-solo!

---

Mhaya Mtembezi

Mimi maswali yangu ni ya ndege. Inaingia kabini au wanakulazimisha kuiweka chini? Nyuzi unalegeza? Na hizi habari za mbao zenye marufuku, maana nimesikia mpingo una matatizo uwanjani.

Fundi wa Shangani

Mbao nijibu mimi. Mwanzoni mwa 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia kwenye udhibiti, na mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, umo. Wapigaji wakapata taabu ya vibali. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zile za rosewood ya Brazil, ambayo ina ulinzi mkali zaidi. Ukulele nyingi ni mahogani, koa au plaiwudi, hazina tatizo. Kitu cha kuogopa ni mapambo ya gamba la ng'amba, yule kasa, kwenye ala za zamani. Hilo usijaribu kuvuka nalo mpaka wowote.

Mbeba Boksi wa Halifax

Kabini inaingia, soprano hata tenor iliyo kubwa zaidi, nimesafiri nayo mara nyingi, lakini soma masharti ya shirika lako. Nyuzi za nailoni hazivuti kwa nguvu kama za chuma, kulegeza kidogo kunatosha, na wengine hawalegezi kabisa.

Kinachoua ala si ndege, ni nyumba za wenyeji wako. Watu wa pwani ala zenu zimezoea unyevu. Majira ya baridi huku wanawasha joto usiku na mchana, hewa inakauka, ubao wa usoni unasinyaa na kupasuka. Chukua kiboksi cha sabuni, kitoboe matundu, weka kipande cha sponji kilicholowekwa na kukamuliwa, kiache ndani ya kifuko pamoja na ala. Ya plaiwudi inavumilia zaidi. Kwa safari mimi nabeba ya plaiwudi, ya ubao mzima inabaki nyumbani.

Msukuma wa Seattle

Nichangie upande wa Hawaii, nilipita kikazi. Kule wana kitu wanakiita kanikapila, watu wanakaa ufukweni au uani kwa mtu, wanapiga. Hakuna faili wala kiongozi wa kuhesabu. Anaanza mmoja, wengine wanafuata. Sikiliza kwanza, na ukitaka kurekodi video omba ruhusa, kuna nyimbo zina heshima zake, za familia au za mahali fulani, si za kutupia TikTok. Pia pale Honolulu kuna karakana ya Kamaka, familia moja inaunda ukulele tangu mwaka 1916, na huwa wanapokea wageni wanaotaka kuona kazi.

---

Kijogoo wa Buguruni

Haya Mwalimu, nimeinua mikono kama yule mzee kwenye E. Mwanangu yuko darasa la nne, nataka kumnunulia. Nitajuaje kwamba sinunui mdoli?

Mwalimu wa Chumbageni

Afadhali. Dukani fanya hivi hata kama hujui kupiga. Piga uzi mmoja mtupu, kisha ubane kwenye chuma cha kumi na mbili upige tena. Inatakiwa isikike sauti ile ile, ila ya juu. Ikitoka sauti nyingine, rudisha, hiyo haitakaa sawa maisha yake yote. Pili, tazama vifungio vya kichwani vya kukazia nyuzi, viwe na gia. Vya kuchomeka tu vinateleza mtoto akikohoa. Tatu, pitisha kidole pembeni ya shingo, vyuma visikukwaruze. Rangi na katuni si hoja. Na nyuzi mpya zitalegea siku za mwanzo, utatyuni kutwa. Mwambie mtoto hivyo, asije akadhani ameiharibu.

---

Binti Kisauni

Mwalimu nimefika Leicester salama, alhamdulillah. Nimewaandikia kikundi kimoja kinachokutana maktaba. Wamejibu, wanauliza nakuja na ukulele au niazimwe, na kama nimewahi kupiga. Mimi kwa kweli sijawahi hata kuishika. Niwajibu nini?

Mwalimu wa Chumbageni

Wajibu hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, na uazimwe. Fika mapema kidogo ili mtu akutyunie na akuonyeshe C kabla hawajaanza. Keti kando ya mtu mwenye faili la herufi kubwa. Kata kucha za mkono wa kushoto tu, za kulia ziache. Hina haina shida.